Tristis est anima mea: sentensi moja ya Gethsemane na maneno ya huzuni ya Ulaya

Kisa chenyewe ni kifupi sana. Usiku wa kuamkia Ijumaa, Yesu yuko bustanini Gethsemane na wanafunzi watatu, anajua kinachokuja, anawaambia sentensi moja alafu anasogea mbele kidogo anaanguka kifudifudi anaanza kuomba. Kwenye Union Version, ile Biblia ya 1952 ambayo wengi wetu ndo tumekua nayo, sentensi inasomeka hivi: "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa." Kwa Kilatini ni "Tristis est anima mea usque ad mortem."

Nimechagua sentensi hii kwa makusudi. Ukitaka kujua lugha za Ulaya zinaitaje huzuni unaweza kufungua kamusi ukakusanya maneno, triste, sad, traurig, saudade na kadhalika, ila kamusi haikuonyeshi neno likiwa kazini. Hapa tuna mstari ambao hakuna mtafsiri wa Injili aliyeweza kuuruka, kila mmoja alikaa mbele yake akachagua neno moja akaacha mengine, na tunajua walichochagua na mara nyingi tunajua hata kwanini. Na kuna jambo la pili ambalo mi naona ndo zito kuliko yote: nyuma ya sentensi hii kuna zaburi, na neno la huzuni ndo linaloifunga sentensi na ile zaburi. Ukibadilisha neno upande mmoja ukasahau upande wa pili, uzi unakatika, na msomaji hatajua kamwe kwamba kulikuwa na uzi.

Tuanze na Kigiriki. Yesu mwenyewe aliongea Kiaramu lakini Injili zimetufikia kwa Kigiriki, na Mathayo 26:38 na Marko 14:34 wote wanaandika perilypos estin he psyche mou heos thanatou. Lype ni huzuni, uchungu wa ndani, na peri ni pande zote, kwa iyo perilypos ni mtu ambaye huzuni imemzunguka hana pa kutokea. Sasa Myahudi wa zama zile anayesoma maandiko kwa Kigiriki akikutana na perilypos karibu na psyche, masikio yake yanasimama, maana ndo kiitikio cha Zaburi ya 42: hina ti perilypos ei, psyche, yaani mbona umezingirwa na huzuni, ee nafsi. Kiitikio hicho kinarudi mara tatu, mara mbili ndani ya Zaburi ya 42 na mara moja mwishoni mwa ya 43. Na mstari unaofuata kila mara ni "umtumaini Mungu, kwa maana nitamsifu tena."

Hebu lifikirie hilo. Mtu anayeijua zaburi akisikia nusu ya kwanza anajua nusu ya pili inakuja, ndivyo sisi wote tulivyo na maneno tuliyoyaimba toka utotoni. Yesu anatamka huzuni tu, tumaini halitamki, ila kwa anayesikia zaburi ndani ya sentensi ile, tumaini lipo pale limekaa kimya. Asiyesikia zaburi anabaki na mtu aliyevunjika moyo tu. Tofauti kati ya hao wasomaji wawili imebebwa na neno moja la huzuni, na hiyo ndo sababu nasema uchaguzi wa neno hapa sio suala la ladha.

Kitu kingine watu wengi hawakijui, Kiebrania cha zaburi hakina neno la huzuni kabisa pale. Kitenzi ni tishtochachi, kinatoka kwenye kuinama, kushuka chini, mwili uliokunjika. Waliotia neno la huzuni ni Wayahudi waliotafsiri zaburi kwenda Kigiriki kabla ya Kristo, wakaona mgongo ulioinama wakaandika moyo uliozingirwa. Bila uamuzi wao kiungo cha maneno kati ya zaburi na Gethsemane kisingekuwepo. Likumbuke hili, maana litaturudia tukifika kwenye Kiswahili.

Sasa Kilatini, na hapa inabidi nikae kidogo maana ndo kiini.

Mroma wa kale alikuwa na maneno ya huzuni mengi kwelikweli. Mwaka 45 KK Cicero alifiwa na binti yake Tullia, akajitenga na watu, akasoma na kuandika mfululizo, na mwaka huohuo kwenye mazungumzo yake ya Tusculum akapanga huzuni daraja kwa daraja kama mtu anayejaribu kuielewa ili imwachie nafasi ya kupumua. Neno lake kuu ni aegritudo, ambalo kwa asili ni ugonjwa, na ndilo alilotumia kubeba lype ya Wagiriki. Chini yake akaweka luctus, huzuni ya kufiwa na mpendwa kwa kifo kichungu, maeror, huzuni yenye machozi, aerumna, huzuni ya taabu, dolor, huzuni inayotesa, sollicitudo, huzuni yenye mawazo, na mengine. Ukiisoma ile orodha utaona kitu cha ajabu: tristitia haimo. Bingwa wa Kilatini anaorodhesha huzuni na neno ambalo leo nusu ya Ulaya inalitumia hakuliona kuwa linastahili kuwekwa.

Kwanini? Kwa sababu tristis ya zamani haikukaa moyoni peke yake. Ilikuwa pia ni ukali, uchungu wa mdomoni, sura iliyokunjamana, kitu cha kuogofya. Mshairi Virgil akielezea tunda la kutoka Umedi, upande wa Iran ya leo, ndugu yake limau, anasema maji yake ni tristis, yaani machungu. Pengine anasema mbwa mwitu ni kitu tristis kwa zizi. Zizi halihuzuniki, zizi linaangamizwa.

Sasa ilitokeaje tristis ikapanda hadi ikawekwa mdomoni mwa Yesu? Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, anatujibu mwenyewe na ni moja ya sentensi ninazozipenda sana. Kwenye Mji wa Mungu, kitabu cha 14, anasema yeye ameamua kutumia tristitia, wakati Cicero anasema aegritudo na Virgil anasema kwa kitenzi cha dolor, na sababu yake ni kwamba aegritudo na dolor watu wamezoea kuzitumia kwa mwili. Basi. Yaani kwa wakati wake, kati ya 413 na 426, ukimwambia mtu wa kawaida dolor anafikiria mgongo unauma au jino, ukimwambia aegritudo anafikiria homa. Tristitia ilikuwa imebaki na nafasi ya kuwa ya nafsi peke yake. Neno lililoachwa nje ya orodha na msomi ndo likaja kubeba mzigo wote, na lilibebeshwa na watu wa kanisani waliotaka kueleweka na wavuvi na wauza mboga.

Hapo Biblia ya Kilatini ilikuwa tayari imeshatembea njia hiyohiyo. Injili ambazo Yeronimo alizirekebisha Roma miaka ya 380 zinasema tristis est anima mea, na zaburi iliyoimbwa makanisani inasema quare tristis es, anima mea. Tristis na tristis, anima na anima. Uzi wa Kigiriki umepita mzima mzima kwenye Kilatini. Na cha kuvutia zaidi ni kwamba Yeronimo huyohuyo baadaye alitafsiri zaburi upya moja kwa moja kutoka Kiebrania, na huko akaandika incurvaris, unainama. Alikuwa sahihi kabisa kwa Kiebrania, ila toleo hilo halikushika kwenye ibada, watu waliendelea kuimba tristis. Mi siwezi kusema walikosea.

Kuna kikwazo kimoja kilichowasumbua sana watu wa zama za kati nacho kinastahili kutajwa. Paulo anasema kuna huzuni mbili, moja ya jinsi ya Mungu na moja ya dunia, na hii ya dunia hufanya mauti, na Kilatini kinaziita zote tristitia. Wamonaki wakaichukua ile ya pili wakaiweka kwenye orodha ya dhambi, Cassian kwanza, alafu Papa Gregori Mkuu kwenye vilema vyake saba. Kwa iyo kwa karne kadhaa neno moja lilikuwa jina la kilema na pia neno la Kristo mwenyewe kuhusu nafsi yake. Hawakulibadilisha. Augustino alishasema wazi kwamba huzuni ya Yesu ilikuwa huzuni ya kweli, hakuigiza, alikuwa na mwili wa mtu na nafsi ya mtu. Nadhani kubaki na neno moja kuliwasaidia wakiri jambo gumu, kwamba huzuni yenyewe sio dhambi, ubaya au wema wake unategemea inakupeleka wapi.

Alafu liturujia. Misale, yaani kitabu cha Misa, ya 1570 iliweka Zaburi ile ya 43 mwanzoni kabisa mwa Misa, padri na wahudumu wake wakipokezana chini ya ngazi za altare, na humo ndani kuna quare tristis es, anima mea. Hadi mageuzi ya miaka ya 1960 mtoto yeyote aliyetumikia Misa, Sevilla, Krakow au Bagamoyo ambako wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika 1868, alisikia nafsi ikiulizwa mbona una huzuni kabla hata Misa haijaanza vizuri. Ila katika majuma mawili ya mwisho kabla ya Pasaka zaburi hiyo ilikuwa inaachwa. Na ndani ya majuma hayohayo, alfajiri ya Alhamisi Kuu, kwaya inaimba tristis est anima mea usque ad mortem kwenye ibada ya giza, ile ya kuzima mishumaa mmoja mmoja. Swali linanyamazishwa, kinachosikika ni anayekiri huzuni. Sijui kama waliopanga walikusudia ifikie hivyo, ila ndivyo ilivyowafikia watu kwa miaka mingi, na watunzi kama Gesualdo mwaka 1611 na Poulenc katika karne ya 20 walipoyatungia muziki maneno hayo walikuwa wanaandika kwa ajili ya masikio yaliyoyazoea.

Tuje sasa kwa watoto wa Kilatini. Utategemea wao ndo wawe na kazi rahisi, neno wamelirithi bure. Kiitalia, Kihispania, Kireno na Kifaransa vyote vina triste, Kikatalani kina trist, Kiromania kina întristare. Mitaani watu walikuwa wanasema tristus badala ya tristis, tunajua hilo kwa sababu kuna mwalimu wa kale aliyeandika orodha ya makosa ya matamshi, ile inayoitwa Appendix Probi, na humo amekemea: tristis, sio tristus. Hakusikilizwa, maana Kiitalia mpaka leo kina tristo pembeni ya triste, na tristo ni mtu mbaya au duni, ule ukali wa zamani wa tristis bado unapumua humo.

Na wana maneno mengine ya mizizi ya Kilatini kwa ajili ya huzuni ambayo hawakuyatumia Gethsemane, na kutotumika kwake kunatufundisha. Kihispania kina pena, kutoka poena, adhabu. Kumpa Yesu neno lenye harufu ya adhabu kabla hata hajashitakiwa lingekuwa kosa kubwa la kiteolojia. Kina duelo, Kifaransa kina deuil, zote zinatoka kwa dolor ya watu wa kawaida, ila zimeishia kuwa huzuni ya msibani na hapa hakuna aliyekufa bado. Dada yao wa Kiromania, dor, amehama kabisa akawa ni hamu ya mtu au mahali palipo mbali. Kireno kina saudade, iliyotoka solitatem, upweke, nayo imekuwa kutamani kisichokuwepo. Gethsemane hakuna anayetamani kilichopita. Kwa iyo triste ilibaki peke yake sio kwa uvivu, wenzake wote walikuwa wameshachukuliwa na kazi nyingine.

Kwa Injili basi hakuna shida: Segond kwa Kifaransa anaandika mon âme est triste jusqu'à la mort, Reina-Valera kwa Kihispania inasema mi alma está muy triste. Ila fungua Zaburi ya 42 kwenye Biblia hizohizo. Pourquoi t'abats-tu, mon âme. Por qué te abates, oh alma mía. Waprotestanti walirudi kwenye Kiebrania, wakaona kuinama, wakaandika kuangushwa chini. Neno walilokuwa nalo mkononi, lililofunga zaburi na Injili kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakaliacha upande mmoja tu. Siwalaumu kwa kuheshimu Kiebrania ila inaniuma, kwa sababu msomaji wa Kifaransa leo hana njia yoyote ya kusikia zaburi kwenye mdomo wa Yesu, na lugha yake ingemruhusu kirahisi sana. Waitalia Wakatoliki waliweza: Biblia ya maaskofu wao ina perché ti rattristi, anima mia kwenye zaburi, na la mia anima è triste fino alla morte kwenye Mathayo. Rattristi, triste. Imekaa sawa.

Kijerumani hakina tristis. Luther alipokaa na Agano Jipya, lililotoka Septemba 1522, alikuwa na maneno ya kwao, traurig lilikuwepo, Leid lilikuwepo. Akachukua betrübt. Trübe ni maji yaliyotibuka, yasiyoona chini, anga lililofunga. Meine Seele ist betrübt bis an den Tod, nafsi yangu imetibuka hata kufa. Alafu kwenye zaburi, ambako alijua Kiebrania kinasema kitu kingine, akaandika was betrübst du dich, meine Seele. Neno lilelile. Luther, mtu aliyepigania Kiebrania kuliko wengi, hapa alisikiliza Kigiriki na Kilatini akaufunga uzi kwa mzizi ambao hauna hata herufi moja ya Kilatini. Ndo maana wanaosema lugha isiyo na mzizi wa Kilatini haiwezi kubeba kitu hiki mi nawaonyesha Luther. Na kwenye muziki matunda yake yapo: Bach mwaka 1714 akiwa Weimar alitumia mstari wa zaburi, was betrübst du dich, kwenye kantata, na mwaka 1727 Leipzig Yesu wake kwenye Mateso ya Mathayo anaimba meine Seele ist betrübt. Msikilizaji wa Kijerumani hahitaji maelezo, anasikia.

Waholanzi kwenye Biblia yao ya serikali ya 1637 walifanya kinyume, bedroefd kwenye Injili na buigt gij u neder, unainama, kwenye zaburi. Wapite.

Kiingereza ndo kisa ndani ya kisa. Mwaka 1535 kuna watu wawili gerezani kwa wakati mmoja na wote sentensi hii imewagusa. Thomas More, Mkatoliki aliyekuwa waziri wa mfalme Henry wa Nane, yuko Mnara wa London anasubiri kufa, na kitabu chake cha mwisho, kwa Kilatini, kinahusu tristitia ya Kristo kabla ya kukamatwa. Alikatwa kichwa tarehe 6 Julai, na mswada wenye mwandiko wake ulitambuliwa Valencia, Hispania, mwaka 1963. Upande wa pili wa bahari William Tyndale, hasimu wake mkubwa wa kalamu, amekamatwa Antwerp mwezi Mei mwaka huohuo, na mwaka uliofuata akanyongwa na kuchomwa moto. Tyndale ndo alikuwa ameshaipa Uingereza Injili kutoka Kigiriki, na kwa sentensi yetu aliandika my soule is hevy even unto the deeth. Nafsi yangu ni nzito.

Nzito. Sio sorrowful waliyoitumia watu wa Wycliffe, waliotafsiri Biblia kutoka Kilatini karne moja na nusu nyuma, wala trist, ambayo Kiingereza cha kati kilikuwa kimeikopa kwa Wafaransa na ikawa inakufa. Na sad je? Sad kwa asili ni aliyeshiba, ndugu wa satt ya Kijerumani na ndugu wa mbali wa satis ya Kilatini, yaani imetosha. Kutoka kushiba ikawa kuchoka, ikawa uzito na utulivu wa mtu makini, ndo mwishowe ikawa huzuni. Zama za Tyndale bado ilikuwa na maana ya mtu makini, kwa iyo isingefaa. Heavy ilikuwa neno la watu wa kawaida na ilikuwa na mwili, na hata Kilatini kilijua njia hiyo, maana gravis, zito, ndo babu wa grief.

Na Coverdale, mtafsiri mwingine wa zama hizohizo, alipotoa zaburi kwa Biblia Kuu ya 1539, ambazo Waanglikana waliziweka kwenye kitabu chao cha sala wakazisali kwa karne nyingi, aliandika why art thou so full of heaviness, O my soul. Heavy, heaviness. Uzi umefungwa kwa Kiingereza safi bila Kilatini. Kwa upande wangu hiyo ndo tafsiri bora ya Kiingereza ya jambo hili mpaka leo.

Alafu 1611 ikaja Biblia ya King James na uzi ukakatwa pande zote mbili. Zaburi ikawa cast down, kufuata Kiebrania, na Gethsemane ikawa exceeding sorrowful. Uzito ulibaki mstari wa juu yake tu, very heavy, mahali ambapo hauungani na chochote. Mary Basset, mjukuu wa More, alishageuza tristitia ya babu yake kuwa sorowe kwenye toleo lililochapwa 1557, kwa iyo sorrow ilikuwa imeanza kushinda pande zote. Hata Wakatoliki wa Kiingereza, waliotafsiri kutoka Kilatini chenyewe wakiwa na tristis mbele ya macho yao mara mbili, kwenye toleo la Challoner la karne ya 18 wana sad kwenye zaburi na sorrowful kwenye Injili. Hao ndo sielewi kabisa, maana chanzo chao kilikuwa na neno moja.

Basi turudi nyumbani. Union Version, Zaburi 42:5: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu?" Kuinama, hiyo ni Kiebrania moja kwa moja, ni incurvaris ya Yeronimo, na ni nzuri mno, wazee wetu wa kamati walifanya kazi. Ila Mathayo 26:38 ni "roho yangu ina huzuni nyingi." Hapa uzi umekatika mara mbili: kuinama na huzuni hazifanani, na nafsi imegeuka kuwa roho. La pili ndo baya zaidi, kwa sababu mistari mitatu mbele Yesu anasema "roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu," na hiyo roho ni neno lingine kabisa, Kigiriki pneuma, Kilatini spiritus. Kilatini kina anima na spiritus, Kijerumani Seele na Geist, Kiingereza soul na spirit, wote wametenganisha. Kiswahili chetu kina nafsi na roho, tena kwa Waswahili wenye elimu ya Kiislamu tofauti ya nafsi na roho ni jambo la kawaida kabisa, maneno yote tunayo, ila kwenye bustani ile tumeyachanganya, na msomaji anaona roho yenye huzuni hadi kufa ambayo dakika chache baadaye iko radhi.

Neno huzuni lenyewe sina ugomvi nalo. Ni la Kiarabu, limekaa pwani muda mrefu, na kwenye mstari wa 37 limepewa mwenzake mzuri, "akaanza kuhuzunika na kusononeka," na kusononeka kwa kweli linakaribia sana ile perilypos, ni huzuni inayokula taratibu ndani bila kelele. Simanzi na majonzi yangekuwa ya msibani mno, kama duelo.

Kama kuna kamati itakaa tena na mistari hii, mi ningeomba wasiiguse kuinama ya zaburi ila waiongezee huzuni, na waipeleke Gethsemane: "Nafsi yangu, mbona umeinama kwa huzuni," alafu "Nafsi yangu imeinama kwa huzuni hata kufa." Huzuni lazima iwepo kwa sababu kuinama peke yake kwa Kiswahili ni adabu pia, au aibu, na msomaji anaweza kupotea. Kwa njia hiyo Kiebrania kinabaki na mwili wake uliokunjika, Kigiriki na Kilatini vinabaki na huzuni yao, na nafsi inasimama pande zote mbili. Na kwa Marko, mstari wa 14:33 sio wa kuguswa kabisa, maana pale, kwa kupanga au kwa bahati, wazee waliandika "akaanza kufadhaika sana na kuhangaika," na kufadhaika ndo neno la pili la kiitikio cha zaburi. Anayesoma Marko kwa Kiswahili tayari ameshikishwa ncha moja ya uzi, imebaki kumpa ile ya pili mstari mmoja chini yake.